Kanga Ndani ya Gitaa

"Itoe hiyo kanga," akasema Mahbuba, mke wangu. "Huku ufukweni Qantab, nyuma ya majabali, nani atatusikia?"

Nikaivuta kutoka ndani ya gitaa. Tangu tukimbie Unguja ilikaa humo humo, nimeishindilia kuizima sauti, maana Maskati muziki ulikuwa marufuku, na jirani akikusemea unafungwa. Nyumbani kwetu huko Maskati nilimpigia kwa ncha za vidole, naye akiimba kwa kunong'ona, mlango tumeukomea.

Na Unguja sauti yake ilikuwa ikiamsha mtaa mzima!

Nikaanza. Gitaa likalia hata majabali yakaitikia. Mahbuba akavua viatu, akakanyaga mchanga, akavuta pumzi. Nilikuwa nikiutazama mshipa wa shingo yake, kama kawaida yangu. Ukitutumka ndipo naingia naye.

Ukatutumka. Akafungua kinywa. Kilichotoka ni kunong'ona.

Akajaribu tena kwa nguvu zote, mshipa umemsimama kama kamba. Kunong'ona kule kule.

"Piga tu," akasema, hanitazami. "Nnakuja."

Kazi yangu tangu zamani ni kumfuata yeye. Nikaiokota kanga, nikaikung'uta mchanga, nikairudisha ndani ya gitaa.