Nusu ya Ndoo

Bi Mwanahija aliitazama mashine ndogo ya kuoshea vyombo jikoni kwa mkazamwana wake, akasonya.

"Nilidhani mwanangu kaoa mke, Tabia. Kumbe kaoa swichi. Na maji yenyewe ya mgao."

Tabia alimgawia mama mkwe nusu ya vyombo vya mchana, nusu nyingine akaipanga mashineni, na mpira wa kutolea maji machafu akauelekeza kwenye ndoo tupu.

Bi Mwanahija aliosha vyake kwa mkono, akamaliza ndoo mbili nzima za maji. Mashine ilipozima, ndoo ya Tabia haikufika nusu.

"Tazama, mama."

"Basi havikutakata."

Akachukua sahani ingali na joto, akaisugua kwa kidole gumba akitafuta mafuta. Akaiweka chini, akachukua nyingine. Tabia alivuta kigoda, akaketi kumsubiri.