Mbuzi wa Radhi

Mbuzi aliingia ukumbini kwanza, Efraimu akafuata nyuma akiburutwa kwa kamba. Kabla mtu hajasema karibu, mbuzi alikuwa ameshaanza kula maua ya meza ya mgeni rasmi.

"Umemleta wa mnada?" aliuliza Maulida, mama wa mtaa wa Pasua aliyesimamia mlango na jiko kwa pamoja, mwiko mkononi.

Efraimu alitaka kusema hapana. Lakini bango ukutani lilisema tamasha lile ni la kuchangia nyumba ya wanawake waliokimbia vipigo, na mtu gani mwenye haya zake atasimama chini ya bango kama hilo aseme mbuzi wake si wa kuchangia? Akasema amekuja kumwona Stella.

"Wewe ni nani wake?"

"Mtu wa nyumbani."

Maulida alimpima kuanzia kofia hadi viatu vyenye udongo wa kijijini Mamba. Wanawake wa nyumba ile hawakuwa na hamu na watu wa nyumbani. Alimwelekeza kiti cha nyuma kabisa, akachukua kamba, na mbuzi akaongozana naye nyuma ya jukwaa bila hata kugeuka kuaga.

Hapo mpango wote ukaharibika. Shingoni mwa mbuzi Efraimu alikuwa amefunga jani la isale, lile ambalo kule mlimani ukilipeleka kuomba radhi, aliyekosewa hana pa kukimbilia, atasamehe tu. Stella aliondoka Mamba bila kuaga, na tangu hapo hakupokea simu yake hata moja. Tumaini lililobaki lilikuwa jani. Efraimu hakuwahi kumpiga Stella, hata kofi. Alijiambia hivyo njia nzima akiteremka mjini, na haikumsaidia kitu.

Kwaya ya wanawake ikapanda jukwaani, Stella mstari wa mbele, amenawiri, anacheka. Efraimu alivua kofia. Hakuwahi kumsikia akiimba kwa sauti kubwa namna ile, na roho ilimuuma sana. Kwenye ubeti wa pili mbuzi naye akaitikia kutoka nyuma ya pazia, sauti ya kwanza kabisa, na ukumbi ukapiga makofi ukidhani ndivyo ilivyopangwa.

Ulipofika wakati wa mnada, MC Swaleh alimtoa mbuzi mbele. Swaleh aliletwa kutoka Dar kwa sababu ya suti zake, na suti ya siku hiyo ilikuwa nzito mno kwa joto la Moshi. Akaliona lile jani, akalifungua shingoni mwa mbuzi, akaanza kujipepea nalo.

Kila Mchagga aliyekuwemo alijua jani lile si la kujipepea. Swaleh alipoona watu wameduwaa alidhani amewakosha, akajipepea kwa madaha zaidi, mpaka kwapani.

Minong'ono ikaanza. Kumbe kuna mwanaume humu ndani amekuja na isale. Wanawake waligeuka kwenye viti wakitafuta ni mume wa nani.

Efraimu akaona bora amnunue mbuzi wake kabla mambo hayajawa mabaya zaidi. Akanyoosha mkono. Bwana mmoja wa Bomang'ombe, aliyempenda mbuzi kwa macho ya mchuzi, akapanda dau. Efraimu mfukoni alikuwa na nauli tu, kwa hiyo alipanda kwa mkungu wa ndizi. Bwana yule akazidi kupanda. Efraimu akaongeza debe la kahawa, akaongeza koti alilovaa, na alipobanwa kabisa akaongeza kuku ambaye, kusema kweli, alikuwa wa jirani. Mtu wa Bomang'ombe akasalimu amri, na Swaleh akamwita mshindi jukwaani.

"Haya mzee wangu, mbuzi unamzawadia nani?"

Efraimu akamwelekezea Stella kofia yake.

Zogo lililozuka halikuwa dogo. Maulida alipanda jukwaani na mwiko wake, akanyakua maikrofoni na kutangaza kwamba nyumba ile haipokei wanaume wenye mbuzi, na huyu akisogea hatua moja atamwonyesha. Mtu akamkumbusha taratibu kwamba tamasha ni la kupinga vipigo. Maulida akajibu kuwa yeye hapigi, anapika.

"Mwacheni aseme," Stella alisema. Hakuwa anacheka tena.

Efraimu akalitafuta jani lake. Lilikuwa limechanika vipande vipande mkononi mwa Swaleh. Bila jani, Stella alikuwa huru kumkatalia mbele ya mji mzima. Efraimu akapiga magoti hata hivyo.

"Nisamehe," alisema. "Kila ulipokimbia vipigo vya mumeo ukaja kwangu, nilikushika mkono nikakurudisha kwake."

Stella alimtazama, akamtazama na mbuzi, kisha akanyoosha mkono akaichukua kamba.

"Inuka, baba," alisema. "Safari hii nirudishe kwetu."