Ushuhuda wa Brayna

"Ulimwona kwa macho yako, au uliambiwa?"

Hilo ndilo swali lililomfanya Dakta Naftali Wajsblum achukiwe na nusu ya Wayahudi waliobaki katika mji wa Lodz, Poland, baada ya vita. Watu walikuja kwenye ofisi yake ya kukusanya ushuhuda wametoka makambi ya Wanazi, ngozi na mifupa, wanataka kusimulia jinsi watu wao walivyouawa, naye anawakatiza. Aliyesema "niliambiwa" aliandikwa kwa penseli, pembeni. Aliyesema "niliona" aliandikwa kwa wino, akatia sahihi. Naftali mwenyewe alijificha miezi kumi na tisa chini ya sakafu ya zizi la ng'ombe, akiandika majina ya waliochukuliwa kwenye karatasi za kufungia sukari. Alitoka humo na imani moja tu: uvumi haujengi historia.

Miongoni mwa shuhuda za wino palikuwa na ushuhuda namba themanini na nane. Aliyeutoa ni Brayna, mdogo wa mkewe.

"Nilimwona dada Hinda kwa macho yangu," alisema, macho yenyewe kayakaza mezani. "Mabasi meupe ya Msalaba Mwekundu yalikuja kambini. Akapandishwa pamoja na wagonjwa, wakapelekwa Uswidi. Mimi nikaachwa."

Shahidi mwingine angeulizwa mara kumi. Brayna aliulizwa mara moja.

Mwaka ukapita. Kila wiki Naftali alimwandikia mkewe barua, na Brayna, ambaye njia yake ilipita posta, akazichukua kuzipeleka. Halikuja jibu hata moja. Akaziandikia hospitali tatu za huko kupitia ofisini. Zote zikajibu kwamba hazina mgonjwa wa jina hilo. Naftali akajiambia kwamba labda homa imemsahaulisha jina lake. Angeletewa hoja kama hiyo na mtu mwingine, angeitupa kwenye pipa la taka. Alikonda, akaacha kunyoa ndevu, chakula kikawa hakipandi wala hakishuki. Kule zizini hakuwahi kuteseka hivi.

Brayna alijifungua mtoto wa kike siku ya Jumatano. Ijumaa mchana alikuwa amelala na mwanawe katika chumba chao, mumewe Leibl akimenya viazi, na mzee Anshel, mjomba wake Leibl, akiwa amekalia kigoda akimpigia domo.

"Angekuwa wa kiume mngemwita Anshel. Jina zuri hilo."

"Kufa kwanza, mjomba," Leibl akamjibu. "Myahudi gani anampa mwanawe jina la mtu anayepumua? Malaika wa mauti aje kukutafuta wewe, abebe mtoto?"

"Haya, na huyu wa kike mtamwita nani?"

Leibl akainamia viazi vyake. "Kesho sinagogini, nikiitwa mbele kwenye Torati kulitangaza jina, utasikia."

Hapo mlango ukasukumwa, Naftali akaingia akipeperusha karatasi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Nimekipata! Kibali cha Uswidi! Jumatatu napanda treni hadi Gdynia, kisha meli. Nitapita hospitali moja baada ya nyingine, kitanda kwa kitanda, mpaka nimwone."

Kisu cha Leibl kikaangukia ndoo. "Mwanyumba, si ungesubiri baridi ipungue?"

"Nimeshasubiri mwaka mzima. Nikisubiri tena nitakufa, Leibl, nakwambia kweli. Kazi nimeiacha leo."

"Umeiacha?" Brayna aliinuka nusu kitandani. "Shemeji, kazi yako ndiyo roho yako! Utakula nini huko? Nani unamjua?"

"Namjua Hinda."

Brayna akajilaza tena, akageukia ukutani na mtoto wake.

Mzee Anshel hakuwahi kujua wakati wa kunyamaza. "Naftali, mwanangu, usijitese. Njoo kesho kwenye sala, usimame na wafiwa, umsomee mkeo, moyo upoe. Mji mzima tunasimama. Wewe peke yako kila Sabato umejifungia na makaratasi."

"Aliye hai hasomewi sala ya wafu, mzee. Nina shahidi aliyeona kwa macho yake." Akaugeukia mgongo wa Brayna. "Sivyo, shemeji?"

"Ndivyo," mgongo ukajibu.

Asubuhi ya Sabato miguu ya Naftali ilimpeleka ofisini, kama ilivyozoea. Alipopapasa mfukoni ndipo akakumbuka kwamba funguo alishazikabidhi jana. Akasimama kwenye theluji, hana pa kwenda. Kisha akaona afadhali akasikie jina la mtoto. Angalau angekuwa na habari njema ya kumpelekea Hinda.

Aliingia sinagogini kimya kimya, akakaa benchi la nyuma. Leibl alikuwa ameshaitwa mbele, amesimama kando ya Torati, na mzee wa sinagogi amemtegea sikio.

"Jina la mtoto?"

Leibl akainua uso, akamwona Naftali. Naftali akampungia mkono, akitabasamu. Leibl akafumba mdomo.

"Jina, bwana! Watu tunasubiri!"

Leibl akainama, akanong'ona. Yule mzee, ambaye sikio lake moja lilikuwa zito, alikuwa na kawaida ya kusema kwa sauti ya kusikika barabarani.

"Na aitwe katika Israeli Hinda, binti wa Leibl!"

"Hongera! Hongera!" watu wakapiga kelele, wakagonga meza kwa viganja.

Sala ilipofika mwisho, wafiwa waliambiwa wasimame. Naftali akasimama pamoja nao.