Shati la Njano la Bwana Mgaza

Bi Mwanahija alikuwa bustanini, akipitisha ubao wa njano uliopakwa grisi juu ya miche yake ya kabeji. Vijidudu vyeusi vinavyoruka kama viroboto, ambavyo hufuata rangi ya njano na kunasa kwenye grisi, vilikuwa vimeyatoboa majani yakawa kama chekeche. Alikuwa ameshapanda mara tatu, na mbegu zilikuwa zimemwishia.

Bwana Mgaza, jirani yake mgane, akaingia kuja kumposa, amevaa shati jipya la njano. Maneno alikuwa ameyakariri njia nzima. Alipofungua mdomo tu, akateleza, akaukumbatia ule ubao. Alipoinuka, kifua kizima kilikuwa grisi, na vijidudu vikaanza kumrukia.

“Bi Mwanahija, nimekuja kwa heri, kukuposa…”

“Usijipanguse!” Bi Mwanahija alipiga kelele. “Hebu pita hapa kwenye tuta, taratibu. Inama kidogo.”

Bwana Mgaza akapita, ameinama. Alipofika mwisho wa tuta, kifua kilikuwa cheusi tii.

“Sasa jibu langu, bibie?”

“Geuka kwanza,” alisema Bi Mwanahija, akichota grisi koponi, “nikupake na mgongoni.”

Bwana Mgaza akageuka, akatanua mikono, akitabasamu peke yake.