Kiwiko Juu ya Bega

"Bibi Kobe, leo utanidaka kwa macho tu!" mkimbiaji alimkejeli mdakaji wa softiboli kwa vazi lake gumu la kinga, kisha akachomoka kituo cha kwanza kwenda kuiba cha pili kabla mpira haujafika huko.

Mpira ulikuwa mkononi mwa mdakaji. Daktari alishamwonya: ukirusha tena kwa nguvu, bega hilo basi.

Na kocha naye alishasema, "Akikuibia tena huyo, dada, vua magamba, avae mwenzako."

Mdakaji akatanguliza mguu wa kushoto, akainua kiwiko juu ya bega, akauachia mpira kuelekea kituo cha pili. Begani kitu kikakatika kama kamba ya kitanda. Akaanguka kwa magoti. Kule kituoni mwenzake akaudaka mpira, akamgusa nao mkimbiaji kabla hajafika.

"Ametoka!" mwamuzi akapaza sauti.

Wenzake wakamjia mbio wakicheka. "Simama, Kobe, umetuokoa!" Wakaushika mkono ule ule, wakavuta.