Gauni la Njano

Sisi watu wa Wirrabilla, mji mdogo wa wafugaji wa kondoo Australia, hatusahau mtu. Kila mkazi hupandikizwa kichwani kumbukumbu za marehemu mmoja. Mimi nimebeba za Alwyn, mkata manyoya hodari. Mke wangu Tamsin amebeba za Beryl, mkewe Alwyn.

Leo, tukiosha vyombo, nilimsimulia mafuriko ya enzi za Alwyn yaliyopandisha kondoo juu ya paa la kanisa. Tamsin alicheka hadi akaangusha sahani.

“Haya, bingwa! Na sisi tulikutana wapi?”

“Kwenye dansi. Ulivaa gauni la njano, ukanikanyaga mguu.”

“Mwongo! Huyo ni Beryl.”

“Basi sema wewe.”

“Tulikutana… Hata mimi nakumbuka gauni lile la njano tu.” Kisha akanifuta povu kidevuni.

“Hiyo ya dansi ni nzuri, mpenzi,” alisema. “Tuichukue iwe yetu.”