Magendo ya Bafuni

Tangu mkataba wa biashara utiwe saini, wimbo wowote usioagizwa ng'ambo ulihesabiwa kuwa magendo. Bi Saumu alilijua hilo fika, ila mjukuu wake alikuwa hakubali kuogeshwa bila kuimbiwa.

Akaimba kwa kunong'ona. Redio ya ukutani, ambayo sheria ilikataza kuizima, ikamsikia. Askari wakavunja mlango, wakamtandika kitako cha bunduki mdomoni, meno yakadondokea ndani ya beseni.

"Mama, si nilikukanya?" Msimu, bintiye, alilia huku akimfuta damu.

Kesho yake Msimu alimwogesha mtoto mwenyewe, kimya kimya. Alipofungua mdomo amwambie afumbe macho, povu lisimwingie, mtoto alimrukia, akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akageuka kutazama mlango.